Jani la Mstafeli

Riwaya ile ilinichosha tangu ukurasa wa kumi. Enzi za Mjerumani, daktari wa kizungu anampenda binti wa Kiluguru anayejua mizizi. Mgonjwa anatetemeka kwa homa kitandani, hao wawili wanatazamana kurasa tatu nzima! Binti anapanda mlima masika yamepamba moto, gauni jeupe, anafika juu hana hata tone la tope. Jamani! Mimi nikienda kwa mama kipindi hicho, ndala hubaki njiani.

Niliinunua kwa sababu ya picha ya nyuma. Mwandishi ni yule dada aliyepanga chumba chetu cha uani hapa Bigwa, mpole mno, maswali hayamwishi. Watu wapole namna ile siwaamini. Nikaendelea kusoma, uso nimeukunja, hadi pale binti anapomtibu daktari tumbo: mzizi, chumvi kidogo, na jani la mstafeli lililokaushwa kivulini. Moyo ukanilipuka. Hiyo ni dawa ya mama!

Dawa ya mama haiandikwi. Aliipata kwa mama yake, naye kwa wake. Mwaka huu alituambia miguu imechoka, mkoba wa dawa atamkabidhi mmoja wetu, mimi au mdogo wangu. Mimi ndiye mkubwa. Nilishapigilia hadi msumari wa kuutundika. Na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka mpangaji yule shambani kwa mama huko juu, wanarudi wanacheka. Kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi nikatia kitabu kwenye kapu, nikapanda mlima.

Nilimkuta mama kwenye mkeka, mdogo wangu kando yake anapukuchua maharage.

"Shikamoo mama. Dawa yako imeuzwa," nikasema, nikitoa kitabu kapuni, macho nimemkazia mdogo wangu.

"Dada, mbona unanitazama mimi?"

"Nimtazame nani, ukuta?"

"Marahaba," mama akasema. "Kaa chini. Nisomee."

Nikasoma kwa sauti, kila neno namrushia mdogo wangu. Mama akainua mkono.

"Rudia hapo. Jani gani?"

"La mstafeli."

"Huyu mdogo wako nilimwambia jani la mpera. La mstafeli nilimwambia mtu mmoja tu." Akanitazama. "Na la kweli bado ninalo mwenyewe. Mama yangu naye alitupima hivyo hivyo. Kila mtoto na jani lake, mpaka ajue nani ana kifua."

Hapo ndipo nilipoikumbuka siku ile uani. Nachagua mchele, mpangaji ameegemea mlango, ananiambia kwa kunitazama tu ameona mimi ni mjuzi wa mambo. Sifa zikanilevya. Nikamwaga yote, hata la kukausha kivulini, na nikamwongezea chai. Miaka yote hii nilikuwa nimeisahau kabisa, leo nikamshuku mtoto wa mama yangu.

Masikio yakaniwaka moto kwa aibu. Mdogo wangu aliendelea na maharage yake. Afadhali angenitukana.

"Mwanangu," mama akamwambia, "nenda ndani ukautungue ule mkoba."

Akainuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Mama akanigeukia.

"Na wewe endelea kusoma. Hao walioana?"