Feni Iliyokuwa Ikimtafuta Mtoto

Ijumaa iliyopita tulimzika dalali wa ngamia ambaye wengi wenu mnaofika soko la mifugo la Garissa mlimjua kwa fimbo yake na ubishi wake. Alianguka akitia udhu, na kabla ya alasiri tulikuwa tumekwisha kumfukia. Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa karibu. Alinijua kwa sababu niliwahi kufundisha kompyuta, na katika mji huu ukiwahi kufundisha kompyuta utaitwa hadi kutengeneza redio. Hata hivyo kifo chake kimenikaa kifuani, nami nimeshindwa kuandika jambo lingine katika safu hii ya gazeti.

Aliniita nyumbani kwake mwanzoni mwa mwaka. Mwanawe wa pekee alikuwa ameacha chuo akashika njia ya Sudan ili avuke kwenda Ulaya. Sauti yake ya mwisho ilitoka Libya, kisha simu ikazimika. Kompyuta yake ilibaki mezani sebuleni. "Inabiga kelele na imekuwa moto, adeer," mzee aliniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p kuwa b, na adeer ni kwa sababu wazee wa huku humwita kijana kwa neno lile lile la baba mdogo wanaloitwa wao. "Tengeneza, lakini usizime. Iko na kazi."

Nililaumu vumbi na joto letu, nikasafisha feni kwa brashi. Haikusaidia. Nikafungua orodha inayoonyesha kila programu inakula kiasi gani cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na pale juu nikaikuta moja nisiyoijua, imemeza karibu prosesa yote. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema ameipata mtandaoni. Iliahidi kumwonyesha mtu yeyote alipo kwa namba yake ya simu. Aliandika namba ya mwanawe, na tangu hapo feni haikunyamaza. Mzee wa watu alisikia ule uvumi akaamini mashine inahangaika jangwani kwa niaba yake.

Nilimweleza wazi: haitafuti mtu, inapiga hesabu za kuwachumia wezi sarafu za kidijitali kwa umeme wake. Akasema, "Toa." Nikaifuta. Prosesa ikapumua, feni ikatulia, nami nikafurahi kama fundi yeyote aliyemaliza kazi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anausikiliza ule ukimya.

"Sasa nani anatafuta yeye?" aliuliza. Nikakusanya zana zangu, nikaaga.

Huko Hulugho alikozaliwa mzee, ngamia akipotea hatafutwi na mwenyewe peke yake. Majirani hugawana visima, kila mmoja akaenda kwenye kisima chake kuulizia alama ya mnyama yule kwa kila mpita njia, wala hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenye ngamia kwamba basi, inatosha. Neno hilo hulisema yeye mwenyewe, akishaona mifupa. Mzee huyu alitembea sana kwa ajili ya ngamia wa watu. Lakini mwanawe alipopotea, nani alishika kisima? Msikitini tulimuulizia kijana wiki za mwanzo, kisha tukarudi kwenye bei za mifugo, tukijidai tunaogopa kutonesha kidonda. Mfa maji haachi kutapatapa, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo kuliko sisi. Nawachukia kwa moyo wangu wote. Lakini walimkuta peke yake, na huo upweke hawakuuleta wao.

Nilipokwenda kutoa pole nilisikia feni ikivuma kutoka sebuleni. Mjane wake aliniona nikigeuza kichwa.

"Ile siku ulitoa, hakulala," alisema. "Kesho yake akarudisha."

"Mama, si nilimwambia ni ya wezi?"

"Alijua. Alisema hata mwizi anabita mahali bengi. Labda ataona yeye."

Nikamuuliza kama niizime. Akatikisa kichwa. "Mwenyewe hakusema basi. Sasa mwenyewe ni mimi." Akaniangalia. "Wewe unaandika gazeti. Watu wengi wanasoma. Andika yeye, ndio nazima."

Nikakubali. Aliinuka, akaizima kwa mkono wake, akabaki amesimama mbele ya ile mashine nyeusi kwa muda mrefu. Nilisimama naye, maana safari hii sikutaka ukimya ule umpate peke yake.

Kama kuna funzo, ni hili: usimwondolee mwenzako tumaini la uongo ukaenda zako. Shika kisima kimoja umsaidie kutafuta. Changu ni safu hii; jina na picha ya kijana utavipata ofisi ya gazeti hili. Kijana ni mrefu, mwembamba, ana kovu juu ya jicho la kushoto alilolipata kwa teke la ndama wa ngamia akiwa mdogo, na mama yake anasema hucheka kabla ya kuongea. Kama una mtu katika njia ile ya Sudan na Libya, muulize. Na kama alichokiona ni kaburi, njoo useme hivyo hivyo, ili mama huyu apate haki yake ya kusema basi.