Mbio Tulizozisikia Bila Kuziona

Magari tuliyasikia kwanza.

Ngurumo iliingia bandani kama nyuki waliotibuliwa mzinga, ikapanda, ikapasuka juu ya vichwa vyetu. Mabati yakatetemeka. Watu wakasimama kwenye mabenchi, shingo ndefu, wakisubiri picha.

Picha haikuja.

Kioo kilikuwa chenga tupu. Nyeupe, nyeusi, nyeupe. Na ndani ya zile chenga, magari yanapita. Unayasikia yanakuja, yanakupita sikioni, yanaondoka. Huoni hata tairi.

Sijui kwa nini, lakini nilijua hapo hapo kwamba jambo hili halitaishia kwenye televisheni.

Hapo ni Kirumba, Mwanza, miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo anashusha kitu chake kutoka nje. Mzee Rwegasira, Mhaya mmoja mstaafu, alishusha dishi. Dishi kubwa, ungeweza kuanikia mihogo ya ukoo mzima. Akalifunga juu ya jiwe nyuma ya banda lake la video, na Jumapili mchana tukawa tunaangalia mbio za magari kutoka Ulaya.

Kituo kilikuwa cha nchi gani, hatukujua. Lugha yenyewe haikuwa hata Kiingereza.

Ndiyo maana nilikuwepo mimi, Masele.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa banda. Nasimama pembeni ya kioo na fimbo yangu, natangaza mbio kwa Kiswahili, na pale panapochemka natangaza kwa shairi. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Lakini muulize mtu yeyote wa Kirumba ya wakati ule kama kulikuwa na mdomo wa kushindana na wangu.

Madereva tuliwapa majina yetu. Wa gari jekundu tulimwita Nyati. Wa gari la bluu, Kipanga. Banda liligawanyika katikati, wekundu kulia, wabluu kushoto, na ukikaa upande usio wako unatoka huna kofia.

Sasa Jumapili hiyo, chenga. Hata maneno ya mtangazaji wao yalikatika. Ilibaki ngurumo.

Mzee Rwegasira akapanda jiweni, akageuza dishi. Chenga. Akapanda tena. Chenga.

"Mzee, shikamoo yako nitakupa, nipe Nyati wangu," mtu mmoja akasema, watu wakacheka.

Aliyesema ni Ndalahwa. Fundi baiskeli, mkubwa wa wekundu wote. Yeye mwenyewe hakucheka.

Akasema taratibu, "Yule bibi wa huko nyuma alisema nini wiki iliyopita?"

Kicheko kikazima.

Nyuma ya banda, chini ya jiwe la dishi, alikaa Bibi Getruda. Mjane, peke yake, kazi yake kubanika samaki. Miaka na miaka kwenye moshi, macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Na kwetu Usukumani, msomaji, unajua bibi mwenye macho mekundu anaitwaje.

Wiki iliyopita alikuwa ametokea mlangoni mwa banda, ameshika kichwa. "Wajukuu zangu, makelele haya. Iko siku yatakoma tu."

Basi. Hayo tu.

"Alisema yatakoma," Ndalahwa akasema. "Yamekoma."

"Makelele hayajakoma," nikamjibu. "Makelele ndiyo yaliyobaki. Bibi gani huyo anaroga picha anaacha kelele inayomuuma kichwa?"

Wabluu wawili watatu wakacheka. Wekundu hawakucheka.

Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Watu wakaanza kupita mlangoni kwa Bibi na kutema mate. Mtu akamwaga majivu kwenye chanja ya samaki wake. Asubuhi moja nikamkuta anafagia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Eti mmepoteza kitu huko kwenu?"

"Picha, Bibi."

"Picha ya nani?"

Nikachukua ufagio mkononi mwake, nikafagia.

Mimi nina damu ya moto, siwezi kukaa. Nikapanda kivuko hadi Kamanga, nikaenda mpaka Sengerema, kwenye baa ya bwana mmoja aitwaye Alexander. Naye alikuwa na dishi.

"Kwangu chenga tupu, kijana," Alexander akaniambia. "Wenye kituo wamefunga picha, ngurumo tu imebaki. Zamani ilikuwa bure, sasa wanataka uwe na dikoda na kadi yao. Huku kwetu haziuzwi. Ndiyo basi tena."

Nilirudi nikiwa nimevimba kifua. Nina ushahidi. Nikasimama mbele ya banda nikawamwagia yote, dikoda, kadi, Alexander, Sengerema.

Walinisikiliza wote mpaka mwisho.

Kisha Ndalahwa akauliza, "Kwa hiyo na Sengerema haionekani?"

"Ndiyo. Sasa mnaona?"

"Tunaona," akasema. Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe dawa yake inavuka maji."

Nikaishusha fimbo yangu.

Nilienda kumwokoa bibi wa watu, nikarudi nimemkuza. Kabla ya hapo alikuwa mchawi wa mtaa. Sasa nimempa na ng'ambo ya ziwa.

Wakaamua mbele yangu. Jumapili ijayo, mbio zikianza na picha isipokuja, wanashuka kwake na moto.

Nilimfuata Mzee Rwegasira nyuma. "Mzee, wewe umesoma. Waambie."

Alikuwa anafuta miwani. "Masele, banda langu ni la mbao. Nikimtetea, wataanza kuchoma wapi?"

Kituo cha polisi nilikwenda. Wakaniambia nilete mtu aliyeumizwa.

Ikabaki dada yangu, Sabina, mteja wa samaki wa Bibi. Bibi alikataa katakata kuhama. "Nitoke nyumbani kwangu kwa sababu ya sanduku lenu la picha?" Sabina akasema Jumapili atamdanganya kuna msiba wa mteja mwenzao Kamanga. Kwa msiba Bibi hakatai.

"Lakini anatembea kwa mkongojo," Sabina akasema. "Toka hapa mpaka kivukoni ni safari. Na njia inapita mbele ya banda lenu. Wasitoke nje."

"Hawatatoka."

"Utawashikaje?"

"Kwa huu," nikagusa mdomo.

Jumapili ikafika. Banda lilijaa hadi madirishani. Ndalahwa alikaa benchi la mbele, na katikati ya miguu yake, dumu la mafuta ya taa.

Ngurumo ikaanza. Chenga.

Ndalahwa akashika mkono wa dumu, akasimama.

Nikapiga kioo fimbo. "Kaa chini, Ndalahwa. Nyati ameanza wa mwisho."

Akanitazama. "Nini?"

"Gari lilizimika kwenye mstari. Wote wamempita. Kipanga yuko mbele kama mwizi. Sasa Nyati ndiyo kwanza anaondoka. Msikilizeni huyo."

Gari moja likapita kwa kishindo ndani ya chenga. Kwa nguvu zangu zote nikaliamini.

Nikaanza.

*Nyati kainama pembe, Kipanga yuko mbeleni,*
*Lami yalia kitembe, cheche zaruka njiani,*
*Asiyetulia ng'ombe, na abaki malishoni,*
*Ukitoka ni uzembe, utajuaje mwishoni?*

Ndalahwa akakaa. Nusu, lakini akakaa.

Sijawahi kutangaza vile, wala sitatangaza tena. Nilimpandisha Nyati gari moja baada ya jingine. Akikaribia kumpita mtu, namrudisha nyuma, banda linaguna. Nilimleta Kipanga akateleza kwenye nyasi, wabluu wakashika vichwa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Kupitia upenyo wa mbao nilimwona Bibi Getruda akipita na mkongojo wake, Sabina amemshika kiwiko, hatua kwa hatua. Mtu wa dirishani akaanza kugeuza shingo.

"Nyati amempita wa tatu!" nikapiga kelele.

Shingo ikarudi.

Karibu na mwisho, ndani ya zile ngurumo kikasikika kishindo, pa! Kisha kitu kama chuma kinachoburutwa. Sikujua ni nini. Nikakidaka hivyo hivyo kilivyokuja.

"Tairi la Nyati limepasuka. Tairi la nyuma. Anaburuza chuma, cheche zinatoka, lakini haachi. Anakwenda. Anakwenda. Nyati, Nyati, Nyati wa kwanza!"

Banda lililipuka. Watu walikumbatiana, wekundu kwa wabluu. Ndalahwa alikuwa analia. Dumu limelala chini ya benchi, hakuna anayelikumbuka.

Nikaegemea ukuta. Nikawaza, sasa hivi kivuko kiko katikati ya maji. Nimeshinda.

Watu hawakutaka kuondoka. Walikaa nje wanasimuliana mbio zile kana kwamba waliziona. Jua lilikuwa linaelekea ziwani alipokuja Josephat, mshona viatu mwenye redio, ameibana sikioni. Alikuwa amesikia habari za michezo za Kiswahili kutoka Ulaya.

"Gari jekundu limeshinda. Nyati kashinda," akasema.

"Tunajua," watu wakamjibu.

"Mmejuaje? Wamesema alianza wa mwisho, gari lilizimika. Kamalizia tairi limepasuka, la nyuma."

Hakuna aliyeshangilia.

Mmoja mmoja, wakageuka kunitazama.

Ndalahwa alikuwa karibu yangu, ametoka kunikumbatia muda si mrefu. Akarudi hatua nyuma. Uso wake ulikuwa umefutika machozi.

"Masele," akasema kwa sauti ndogo. "Sisi wote tuliona chenga. Wewe uliona nini?"

"Nilitunga. Nilikuwa natunga, bwana."

"Ulitunga tairi?"

"Nilisikia kishindo."

"Na kuzimika mwanzoni? Nako ulisikia?"

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, haukuwa na kitu.

"Na Sengerema," mtu akasema nyuma, "si yeye ndiye aliyekwenda Sengerema?"

Niliwaona wakipeana nafasi, wakijitanua, kama watu wanaozunguka nyoka. Sikusubiri waelewane. Nilipita katikati yao kichwa juu, maana wakiona unakimbia wanakimbia nao. Nilipopinda kona ndipo nikaitoa miguu.

Niliwahi kivuko cha mwisho.

Bibi Getruda alikuwa amekaa juu ya furushi lake pale Kamanga, Sabina pembeni. Uongo wa msiba ulikuwa umekwisha, alishajua yote.

"Wameniachia?" akaniuliza.

"Wamekuachia, Bibi. Wamepata mwingine."

"Maskini. Nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa yale macho mekundu. Kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye furushi.

Wewe unayesoma hapa, chukua hili kwangu. Watu wakishaamua kwamba yupo mchawi, usihangaike kuwaonyesha kwamba siye huyu. Watakushukuru, kisha watakuuliza wewe umejuaje. Upambane na hilo neno lenyewe, siku ya kwanza linapotamkwa, wakati watu bado wanacheka. Siku ile ya kwanza mimi nilijibu kwa mzaha.

Ng'ambo, taa za Mwanza zilikuwa zinaanza kuwaka mawe kwa mawe. Bibi alikuwa anatafuta ya kwake, na haikuwepo, kwa sababu hakukuwa na wa kuiwasha.

Nikapiga goti mbele yake, Sabina akisikia, na mabaharia wa kivuko wakisikia.

"Bibi, nitakurudisha Kirumba. Mchana, kila mtu akiwa mlangoni kwake. Wewe utatangulia, mimi nitakuwa nyuma yako, na atakayetamka lile neno nitamjibu pale pale, bila kuchekesha mtu."