Kinyozi Aliyefyata Ulimi kwa Ajili ya Panya

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hata wateja wake wa zamani walikuwa wamesahau jina alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mashine zilizoning'inia kwenye misumari, lakini kilichowaleta watu ni mdomo wake. Ukishakaa kitini ukafungwa kitambaa shingoni, umejisalimisha. Atakusimulia nani anaoa, nani kahama, nani kagombana na mwenye nyumba wake, na mkono wake usitetereke hata chembe. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wa Redio haukuwa hata na usingizi. Pamoja na hayo namheshimu sana mtu huyu, na nitakueleza kwa nini, ingawa habari yenyewe ni ya panya.

Panya alikuwa wa mkewe. Ni mmoja wa wale wadogo wa kufugwa, asili yao jangwani, wenye macho meusi na mkia wa manyoya. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, na mwenzake wa kazini alipohama alimwachia mnyama huyo ndani ya boksi la viatu. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, nyumba imebaki ya watu wawili. Redio alilalamika wiki nzima kwamba hajapata kuona nyumba inayonunua sumu ya panya na chakula cha panya kwa mfuko mmoja. Mkewe hakubishana. Alimpa mnyama jina la Bwana Mdogo, akaweka tundu juu ya meza ya pembeni, na kila jioni baada ya chakula akageuza kiti chake kuelekea huko. Redio aliendelea kusimulia habari za mtaa, akiusimulia mgongo wa mkewe, wala hakuona ajabu.

Asubuhi moja Bwana Mdogo alikutwa amejikunyata kwenye kona, mgongo juu, manyoya ya tumbo yamelowa. Alikuwa akijikamua akojoe, linatoka tone tu, na tone lenyewe lina wekundu wa damu. Mkewe hakwenda kazini. Redio alimkuta ameliweka tundu mapajani, machozi yanamtiririka bila sauti, na mara ya mwisho kumwona analia vile ulikuwa msiba wa mama mkwe. Aliingiwa na hofu. Alielewa kwamba huyu panya akifa mkewe ataumia vibaya, na hakuelewa kwa nini.

Daktari wa mifugo, mama mmoja aliyezoea ng'ombe na mbuzi, alimpakata Bwana Mdogo kiganjani akamkagua taratibu.

"Ana maambukizi kwenye njia ya mkojo," alisema. "Dawa hii mpeni tone asubuhi, tone jioni, mpaka chupa iishe, hata mkimwona mzima. Matandiko yawe makavu, myabadilishe kila siku. Maji yasikosekane, na mmpe vipande vya tango. Akiacha kukojoa kabisa mleteni mbio, msingoje kesho." Kisha akamgeukia Redio, ambaye tangu aingie alikuwa anamsimulia habari za mbuzi wa jirani. "Na nyumba iwe kimya, mzee. Akishtuka anabana mkojo, na akibana anazidi kuugua."

Jioni ile walijaribu. Mke alishika, mume akavuta dawa kwa bomba dogo la plastiki, maana mkono usiotetemeka ulikuwa wake. Ila mazoea yana taabu. "Tulia bwana, haiumi, wewe angalia mbele tu," alianza, kama anavyowaambia wote wanaoogopa wembe. Bwana Mdogo aliruka, dawa ikaishia kwenye shati, na kidole cha kinyozi kikapata meno.

"Anaiogopa sauti yako," mkewe alisema.

Maneno hayo yalimchoma kuliko meno. Lakini alinawa, akarudi, akafyata ulimi, na tone likaingia.

Hapo ndipo heshima yangu inapoanzia. Mchana kibandani aliongea ya siku nzima, wateja wakatoka masikio yanawavuma, lakini akivuka kizingiti cha nyumba yake alikuwa bubu. Zile karatasi nyeupe anazowazungushia wateja shingoni alizileta nyumbani, akazitandika ndani ya tundu ili doa lolote lionekane, na kila asubuhi alizitoa moja moja akizisogeza dirishani kwenye mwanga. Alikata tango vipande vidogo kama ukucha. Alimpangusa mgonjwa tumbo kwa pamba na maji ya vuguvugu, akamkausha vizuri, kwa upole ambao wateja wake hawajawahi kuuona.

Na katika ukimya ule akaanza kumsikia mkewe. Mkewe alikuwa anaongea na Bwana Mdogo. Aliongea polepole, bila kificho, na ilionekana wazi kwamba hilo halikuwa jambo jipya. Siku zote alikuwa akiongea, chini ya sauti ya mumewe.

"Leo wametuletea mashuka mabichi tena," alimwambia panya. "Msimamizi anataka yaishe saa ileile. Hivyo hivyo ndivyo nilivyoungua ule mkono. Sasa kidonda kimefunga, ila nikishika pasi bado unanivuta."

Redio aliutazama ule mkono. Kovu lilikuwa juu ya kifundo, refu, la kutosha kuonwa na yeyote anayekula naye meza moja. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Alijua mpaka jino linalomsumbua muuza mkaa, na hili hakulijua. Maneno yalimjaa kooni, ya kuuliza na ya kujitetea. Alitazama tundu, akayameza, na yalikuwa machungu.

Mara moja tu maji yalimfika shingoni. Mkewe alikuwa kazini, na karatasi ya asubuhi ilikuwa nyeupe pe. Ya adhuhuri, alipokuja nyumbani kuchungulia, vilevile. Alikwenda akafunga kibanda, mteja mmoja akabaki na nusu ya ndevu akiahidiwa kesho, kisha Redio akarudi nyumbani akaliweka tayari boksi la viatu la kumbebea mgonjwa kwa daktari. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu alipoona karatasi inalowa kwenye kona ya tundu. Doa lilikuwa la manjano, halina hata chembe ya wekundu. Redio alitoka hadi uani kwa kunyata, akafunga mlango nyuma yake.

"Amekojoa," alimwambia jirani aliyekuwa anaanika nguo.

"Nani?"

"Bwana Mdogo."

"Hongera, babu," jirani akasema. "Ni wa mwanao yupi?"

Baada ya hapo panya alianza kula, kisha kuchimba matandiko, kisha kukimbia tundu zima. Mkewe alimwonea huruma akataka waache kumsumbua kwa dawa. Redio alitikisa kichwa na kumwonyesha chupa. Waliendelea mpaka ikaisha, wakampeleka, na daktari akasema amepona.

Jioni hiyo walikula wakamaliza. Mkewe aliondoa vyombo, akakaa kitini pake, uso kwenye tundu.

"Haya, sema sasa," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Umefunguliwa."

Redio alikuwa na habari za mtaa mzima, zimelala tangu ugonjwa uingie. Aliziacha zilale.

"Ule mkono," alisema mwishowe, "uliungua vipi?"

Kisha akanyamaza, akangoja. Mkewe alianza kujibu huku anamtazama Bwana Mdogo, kwa mazoea. Katikati ya sentensi akasita. Akainuka kidogo, akageuza kiti.