Biskuti za Mke Wangu kwa Mikono Yangu

Binti yangu alinipigia kwa simu ya matroni, wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa mwezi wa Aprili. Anasoma shule ya bweni huko Gilgil. Aliniambia mitihani imeisha, sweta yake imepotea tena, kisha akashusha sauti.

"Baba, nikija utanitengenezea zile biskuti?"

"Nitatengeneza," nikasema, kabla sijafikiri.

Hakuhitaji kunieleza ni zipi. Mama yake alikuwa akizitengeneza kila shule zikifungwa: biskuti nyembamba za mviringo, zimeunganishwa mbili mbili kwa krimu nyeupe, kisha nusu imechovywa kwenye chokoleti na kuachwa ikauke juu ya karatasi. Tangu tumzike, likizo kadhaa zilikuwa zimepita bila mtu kuzitaja. Mtoto alikuwa akishuka garini, anaingia jikoni, anafungua friji, anaifunga, anaenda chumbani kwake. Mimi nilikuwa nikimwona na kujifanya natafuta funguo.

Mimi ni mtu wa spea za trekta. Nina duka mjini Nakuru, na mikono yangu imezoea nati na grisi. Kupika najua kiasi: ugali, sukuma, mayai. Lakini oveni ya mke wangu sikuwa nimewahi kuiwasha hata mara moja. Jumamosi iliyofuata nilipofungua mlango wake nilikuta ndani sinia, na juu ya sinia karatasi ya kuokea, safi, imekatwa vizuri ikaenea pembe zote. Alikuwa ameiandaa kwa ajili ya likizo ambayo hakuifikia. Niliufunga mlango taratibu, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Baadaye nilirudi nikaanza. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Dada zake wangenisaidia, lakini wangelia, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu. Nilikumbuka nilichokuwa nikiona nikipita mlangoni na kikombe changu cha chai: majarini ya kopo, sukari, unga, vanila kidogo, glasi ya kukatia. Nilivikanda pamoja, nikasukuma, nikakata, nikaingiza kwenye oveni. Nilipofungua, biskuti zote zilikuwa zimeyeyuka na kushikana zikawa kitu kimoja kikubwa kama ramani. Nikajaribu chokoleti angalau. Niliiweka bakulini juu ya sufuria ya maji yanayochemka, maji yakaruka kidogo yakaingia, na chokoleti ikakauka papo hapo, ikawa madonge kama uji ulioharibika. Vyote vilienda kwa kuku wa jirani.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilipanda Dundori kumwona mama mkwe. Huwa napita kwake kila nikipata nafasi; namsaidia kutengeneza kilichoharibika, ananipa viazi. Anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na tangu nimjue ana desturi moja. Krimu ya maziwa yake huikusanya, huitikisa kwenye chupa kubwa mpaka itoe siagi, kisha huifinyanga na kuifunga kwa karatasi. Siku hiyo pia alinipa kipande.

"Mpakie mtoto kwa mkate," akasema.

"Asante, mama."

Nilipoipokea niliona aibu ambayo si ngeni kwangu. Mke wangu alikuwa akipokea siagi hiyo kwa mikono miwili, anamshukuru mama yake vizuri sana, na tukifika nyumbani Kiamunyi anaipeleka kwa jirani kabla hata hajavua viatu. Alisema inanuka ng'ombe. Alisema alimkamua ng'ombe kila asubuhi kabla ya kwenda shule, miaka yote ya utoto wake, na hataki ng'ombe huyo amfuate mpaka mjini. Alikuwa akisema hivyo akicheka, nami nikicheka naye. Mama mkwe akiuliza kama siagi ilikuwa nzuri, tulijibu pamoja kwamba ilikuwa nzuri sana.

Jirani yule wa siagi alikuwa ameshahama. Niliiweka siagi kwenye friji.

Siku moja kabla ya kumchukua mtoto, nilijaribu tena. Majarini ilikuwa imeisha, mvua ilikuwa inapiga bati, na sikutaka kutoka kwenda dukani. Nikaitoa siagi ya Dundori. Ilikuwa ngumu na baridi, ikabidi niisugue na unga kwa vidole mpaka ikawa kama mchanga. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka, niliuacha unga ule uliokandwa kwenye friji nikaenda kuoga, na niliporudi ukasukumika bila kung'ang'ania meza. Safari hii biskuti zilibaki na umbo lake. Zilitoka zikiwa na rangi ya dhahabu pembeni, na nyumba ikajaa harufu ambayo haikuwa ya majarini hata kidogo. Nilisimama pale na sinia mkononi nikiwa na furaha. Halafu nikaiona furaha yenyewe, nikaona aibu kuwa nayo, peke yangu, mbele ya oveni yake.

Krimu niliipaka usiku huo. Chokoleti nilimwachia mtoto.

Alipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa jikoni na sare yake ya shule, akaziona zimepangwa mezani. Alinawa mikono, akavaa aproni ya mama yake ambayo sasa inamwenea, akaniambia, "Moto upunguze, baba. Maji yasichemke. Mum alikuwa anangoja tu yatoe moshi."

Kumbe mtu wa kumuuliza nilikuwa naye.

Tulichovya pamoja. Alinionyesha jinsi ya kuishika biskuti kwa ncha za vidole, kuizamisha nusu, kuitikisa mara moja na kuifuta upande wa chini kwenye ukingo wa bakuli. Yangu ya kwanza ilizama yote. Nikaitafuta kwa uma, nikaitoa imekatika, naye akacheka mpaka akaegemea sinki. Nami nikacheka. Jiko lile lilikuwa limekaa muda mrefu bila kusikia kitu kama hicho.

Chokoleti ilipoganda alichukua moja akaiuma. Alitafuna polepole, macho yakiwa juu.

"Aki baba," akasema, "hizi ni tamu kushinda za mum."

"Usiseme hivyo!"

Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Ilikuwa sauti ya kumkemea mtu aliyevunja kitu. Yeye aliitazama biskuti iliyobaki mkononi, akairudisha kwenye karatasi, ile nusu yenye alama ya meno yake, akafungua aproni akaitundika. Nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa bila kelele. Angeupiga kwa nguvu ningejisikia afadhali.

Nilibaki jikoni nikionja. Nilitaka mtoto awe amekosea. Nilikula moja, nikala ya pili, nikitafuta kasoro, na sikuipata. Zilikuwa laini, zinavunjika zenyewe mdomoni. Za mke wangu zilikuwa ngumu kidogo, unaziuma kwa meno ya pembeni. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote na halikuwahi kuwa na maana yoyote. Sasa lilikuwa na maana. Mtu amelala kaburini Dundori, kwenye shamba la baba yake, hawezi kujaribu tena, hawezi kusema subiri nibadilishe siagi, na mimi niliyekuwa nikipita tu mlangoni na kikombe cha chai nimemshinda kwa kitu chake mwenyewe. Na nimemshinda kwa kile alichokuwa akikitoa nje ya nyumba. Na juu ya hayo nimemfokea mtoto wake kwa kusema ukweli.

Kesho yake mama mkwe alikuwa anakuja. Kila likizo hushuka siku moja kumwona mjukuu. Asubuhi nilitia biskuti kwenye mkebe nikauweka juu ya kabati la chumbani kwangu. Binti yangu alinikuta nikishuka kwenye kiti.

"Unazificha za nini?"

"Shosho atajisikia vibaya."

"Kwa sababu ni za mum, ama kwa sababu ni nzuri?"

Nikarudisha kiti mahali pake. Alikwenda kuweka chai.

Mama mkwe aliingia na mfuko wa viazi na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani. Alikaa, akamshika mjukuu mashavu, akamwambia shule inamkondesha. Kisha akanusa.

"Hii nyumba inanuka vizuri. Mmeoka nini?"

Mtoto alinitazama. Hakunisaidia na hakunishtaki, alinitazama tu, akingoja kuona baba yake ni mtu wa namna gani. Nilisimama nikaenda chumbani nikaushusha mkebe.

Mama mkwe alichukua biskuti moja, akaigeuza akaiangalia pande zote, akaiuma upande usio na chokoleti. Akatafuna. Kisha akaacha kutafuna.

"Hii ni siagi yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Imeingia kwa biskuti." Aliendelea kula. "Yeye hakuwa anaitumia."

Nilifungua mdomo nimwambie lile tulilokuwa tukimwambia siku zote, kwamba ilikuwa nzuri sana. Halikutoka.

"Hakuwa anaitumia, mama. Alikuwa anapenda majarini."

"Alikuwa anampa jirani," mama mkwe akasema. "Yule mama wa hapo kando. Tulikutana soko la Nakuru akanishukuru kwa siagi, miaka mingi imepita. Nilirudi nyumbani nikacheka peke yangu."

"Ulijua?" binti yangu akauliza. "Na ukaendelea kutuma?"

"Ningetuma nini kingine? Ndicho nilichokuwa nacho." Alijifuta makombo kwenye paja, akayakusanya kiganjani, akayala. "Mama yako hakutaka ng'ombe, sikumlaumu. Nilimwamsha mapema sana kwa ajili ya huyo ng'ombe. Lakini biskuti zake, Mungu wangu. Nilikuwa nazilainisha kwa chai akigeuka."

Mtoto akacheka kwa mshtuko, mkono mdomoni. Mama mkwe naye akacheka, mabega yakitikisika, na katikati ya kicheko macho yakamjaa. Hakuyafuta. Alinyoosha mkono akachukua biskuti ya pili.

Mimi sikuweza kucheka. Nilifurahi kwamba hatimaye mama huyu amekula siagi yake mezani kwetu. Lakini wakati uleule niliona kilichohitajika ili afike kuila, kifo cha binti yake, na nikashindwa kuinua macho. Yeye ndiye aliyeniona.

"Baba," akaniita, kama anavyoniita tangu nimuoe binti yake, "kula na wewe."

Nikala.

Tulipomrudisha Dundori jioni alibeba biskuti kwenye mkebe uleule, na akatutolea kipande kingine cha siagi. Njiani tukirudi, binti yangu alikaa mbele, karatasi ya siagi magotini.

"Jana nilikufokea," nikamwambia. "Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Nilisema vile ufurahi," akasema. "Nilikuwa nimekuona unafurahi."

Nilipunguza mwendo mpaka tukafika lami.

Siku hizi tunazitengeneza kila likizo. Yeye anasimamia chokoleti, mimi nakanda. Kila sinia ikitoka, kabla sijaonja, nafsi hunisuta kwa muda mfupi, na nimeacha kusubiri siku ambayo haitanisuta. Likizo iliyopita mtoto aliniuliza kama tunaweza kutengeneza sinia moja kwa majarini, zile ngumu. Tulizitengeneza. Alizila polepole akiwa amesimama dirishani, na mimi nikaendelea kuosha vyombo ili asijue kwamba namtazama.