Besi Iliyohamia kwa Seline

Seline wa nyumba namba nne hajui kuvutana bei. Nimemwona kwa macho yangu pale sokoni Nyamasaria akiambiwa fungu la nyanya ni hamsini, akatoa hamsini, akasema asante. Hata hakuzigeuza aone zile za chini. Kwa hamsini hiyo mimi ningeondoka na nyanya, vitunguu viwili na dhania, na mwenye kibanda angebaki akijiuliza ni nini kimempata.

Nawaambia hilo kwanza ili mjue ni mtu wa namna gani aliyenishinda.

Seline ni mpishi wa shule ya msingi. Kutwa nzima anasonga ugali wa watoto mia nne kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na mikono yake imekuwa ya mwanamume. Saa kumi anarudi akinuka moshi na maharagwe, anaoga, anajipaka mafuta, kisha anakaa mlangoni kwake kama mke wa mkubwa fulani. Mume wake, Mathews, ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Nyumba yao ni sawa na yangu: chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, pazia katikati, kitanda nyuma ya pazia, viti mbele. Kati yetu kuna ukuta wa tofali ambao haukufika juu, na bati letu ni moja.

Mimi ni Nakhumicha, au Mama Apiyo kwa jina la binti yangu aliye shule ya bweni. Nilishuka Kisumu kutoka upande wa Bungoma na gunia moja la viatu vya mitumba, vingine vikiwa vya mguu mmoja tu. Leo nina meza mbili soko la Kibuye. Watu wa ploti yetu wakitaka godoro au kabati, wananiita twende pamoja, maana wanajua nikiwa hapo hawataibiwa. Kazi yangu ina kanuni moja: mwenye duka asijue unachokitaka wala unakitakia nini. Nikitaka kabati, naanza na bei ya meza. Akishajua haja yako, amekushika koo.

Mume wangu, Oduor, anaendesha trekta la miwa huko Muhoroni. Anakuja Jumamosi saa sita mchana, anaondoka Jumapili akishakula. Ukitoa saa za kulala, nina mume Jumamosi alasiri tu. Hiyo alasiri ilikuwa yangu kabisa, mpaka siku Seline na Mathews walipoleta wufa, ile spika ya besi ya kuunganishwa na TV.

Jumamosi ya kwanza Oduor alikula haraka, akanawa mikono, akasema, "Nyar Bungoma, wacha nifike kwa Mathews dakika tano." Ndivyo anavyoniita, binti wa Bungoma, akiwa na furaha au akiwa na makosa. Dakika tano zile zilikuwa sinema mbili nzima. Jumamosi iliyofuata alibeba kiti chake mwenyewe.

Nilibaki upande wangu nikikunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Ukutani zilipita sauti bila maneno. Seline anasema kitu, halafu Oduor anacheka. Si kile kicheko cha adabu anachonipa mimi nikimsimulia habari za soko. Ni cha tumboni, cha mtu aliyesahau yuko wapi. Tumeoana miaka kumi na moja na nimekisikia mara nne, na mara mbili kati ya hizo kilikuwa cha mpira.

Msinielewe vibaya. Sikuhofia kwamba Seline atanichukulia mume. Mathews alikuwa hapo hapo, na Seline mwenyewe akirudi kazini anataka kunyoosha miguu tu. Wivu wangu ulikuwa wa kile kicheko. Mwanaume anakula samaki wangu, anafuliwa na mimi, halafu kicheko anakipeleka namba nne.

Nikamkuta Seline kwenye mfereji.

"Hiyo wufa mlichukua kwa nani?"

"Kwa Obonyo, nyuma ya stendi. Duka lenye mlango wa buluu."

"Akawapunguzia ngapi?"

"Kupunguza nini? Ilikuwa imeandikwa elfu nane."

"Na mkalipa elfu nane."

"Sasa Mama Apiyo, si ndiyo bei?"

Nilitamani kupiga teke mtungi wake.

Siku ya pili nilikuwa kwa Obonyo. Ni mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na duka lake limejaa spika mpaka mlangoni.

"Karibu, mama. Unataka ya nyumba ama ya shughuli?"

"Nataka tu kuona."

"Nyumba ni kubwa namna gani?"

Maswali hayo nayajua. Wanapima nyumba ili wapime mfuko. "Inatosha," nikasema.

"Ni muziki mnasikiza sana, ama sinema?"

"Vyote. Redio hii ndogo ni ngapi?" Nikazunguka kwenye redio, nikazunguka kwenye pasi, ndipo nikafika kwenye kitu nilichokuwa nimekikazia macho tangu mlangoni: sanduku jeusi lililonifika kiunoni, mdomo wa spika mpana kama sinia. "Na hili nalo?"

"Hilo ni inchi kumi na mbili, mama. Kumi na tano elfu. Lakini kama ni nyumba ya chumba kimoja, kuna hii ndogo, inchi sita na nusu..."

Mtu akikusukumia kitu kidogo, ujue kimemlalia dukani. "Hiyo ndogo mpe mwenye pesa ndogo," nikamwambia.

Nililinyanyua lile sanduku. Wengi wanapima wufa kwa uzito, na wajanja wanajua hivyo, wanaweka kipande cha saruji ndani. Nikamwambia afungue skrubu za nyuma. Akafungua. Hakukuwa na saruji, kulikuwa na sumaku nene kama kitako cha sufuria. Nyuma limeandikwa wati elfu kumi na mbili. Nikamwuliza kama ile transfoma ya barabarani inajua habari hizo, akacheka mpaka miwani ikamshuka. Akaliwasha. Wapita njia waligeuka. Kifua changu kikatetemeka kama nimepanda trekta la Oduor, na nikasema moyoni, hii itasikika namba nne.

Kutoka kumi na tano nilimshusha hadi tisa. Nilitoka dukani mara mbili, mara ya pili nilifika hadi kwa muuza miwa. Waya wa kuunganisha stima alinipa bure. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba bila kula.

Pa kuliweka palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona, likiegemea ukuta wa Seline. Nami nilipapenda.

Jumamosi Oduor aliingia, akasimama. "Eh! Hii ni ya nyumba ama ya kanisa?"

"Kaa, utazame sinema kwako."

Akakaa. Nikaweka sinema. Watu wawili walikuwa wakizungumza ndani ya gari, na gari likinguruma.

"Amesema nini?" akauliza Oduor.

"Sijui."

"Na huyo mwingine?"

"Sijui, Baba Apiyo. Tazama tu."

Ukipandisha sauti upate maneno, ngurumo inayameza, vikombe vinatembea kabatini na bati lote linalia ngaa. Ukiteremsha, unabaki na watu wanaofungua na kufunga midomo. Tukajaribu muziki. Kila wimbo ulitoa mdundo ule ule mmoja, kana kwamba mtu anapiga godoro kwa mti. Oduor alivumilia nusu saa. Najua alivumilia kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kisha akachukua kiti chake.

"Nyar Bungoma, wacha nione kama Mathews yuko."

Alipotoka, nilipandisha sauti mpaka mwisho. Kama kwangu hakutazamwi sinema, basi na kwa Seline kusitazamwe. Nikakaa kitandani, vidole masikioni, ukuta ukitetemeka, nikingoja waje kuniomba nipunguze.

Hakuja mtu. Nikatoa vidole, nikasikia wanapiga makofi.

Nilitoka nikachungulia. Pazia la mlango wa Seline lilikuwa limefungwa juu. TV yao imezimwa, wufa yao imezimwa, viti vimesukumwa ukutani. Mathews yule wa maneno machache alikuwa akizungusha mabega. Seline alikuwa katikati, mikono hewani, kiuno kikifanya kazi. Na Oduor wangu, ambaye hata kwenye harusi yetu alidai mguu unamuuma, alikuwa amepiga magoti nusu akicheza ohangla, ngoma ya kwao Wajaluo.

"Mama Apiyo!" Seline aliniona. "Ero kamano! Asante sana! Tumezima yetu, hii yako huku inaingia tamu sana. Stima yetu nayo imepumzika!"

Nilisikiliza, nikaona hasemi uongo. Upande ule mdundo ulifika laini, na maneno ya wimbo yakashukia juu ya ukuta, safi, neno kwa neno. Nilikuwa nimenunua wufa ya Seline. Nimewahi kunyeshewa mzigo wa viatu ukaoza, nikanyamaza. Lakini kumpa mtu kitu bure sijawahi, tena mtu huyo awe Seline!

Nikarudi kwangu, nikang'oa waya.

"Ai! Mama Apiyo, nini tena?"

"Tokeni ya stima imeisha," nikadanganya.

"Basi kuja huku, tunawasha yetu!"

Nikaenda, kwa sababu Oduor alikuwa huko. Wakarudisha viti, wakaweka sinema, na kwa mara ya kwanza niliitazama ile wufa yao. Ilikuwa kisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja. Haikuwa kwenye kona. Ilikaa kando ya meza ya TV, hatua moja kutoka ukutani, juu ya gunia lililokunjwa. Mtu wa sinema akinong'ona, unamsikia akinong'ona. Mlango ukipigwa, unaupata kifuani, halafu unaondoka, haubaki kuzunguka nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nani aliwaambia muweke hapo?" nikauliza.

"Obonyo," akasema Seline. "Mimi nilimwambia kila kitu. Nikasema chumba ni kimoja, juu ni bati, Mathews anapenda sinema za vita, mimi nyimbo za kwaya, na mtoto analala nyuma ya pazia. Akasema basi si kubwa mnataka. Akasema iwe mbali na kona, na wufa nzuri hata hujui imekaa upande gani."

"Ulimwambia yote hayo kabla ya bei?"

"Si yeye ndiye anajua, Mama Apiyo? Mimi najua ugali."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Lile sanduku nilimuuzia Gordon, anayekodisha vyombo vya muziki vya matanga, kwa elfu kumi na mia tano. Uwanjani litafaa. Nawatajia bei msije mkadhani nilikula hasara. Kisha nikarudi kwenye mlango wa buluu.

Obonyo alinitambua. "Mama, sasa unataka ya nyumba ama ya shughuli?"

Nilitazama redio. Nilitazama pasi. Bei ya pasi ilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ya nyumba," nikasema. "Chumba kimoja, kumi kwa kumi. Bati bila dari."

"Na mnasikiza nini?"

"Bwana yangu anakuja Jumamosi peke yake. Anapenda sinema. Anaenda kuitazamia kwa jirani. Nataka aitazamie kwangu."

Nilingoja acheke. Obonyo alipangusa miwani yake, akashusha ile ndogo ya inchi sita na nusu kutoka rafuni, akaniwekea, si muziki, bali mazungumzo ya watu wawili, kwa sauti ya chini. "Sikiza kama unawapata," akasema. Niliwapata. Akanionyesha kitufe cha besi na mahali pa kukiacha.

"Elfu nane, mama."

Midomo yangu ilifunguka iseme tano. Lakini mtu umeshamweleza kwamba mume wako anabeba kiti kwenda kwa jirani, utamwambiaje tano? Nililipa nane. Njia yote niliisikia ile pesa inavyouma.

Jumamosi Oduor alikaa. Nilikuwa nimekaanga samaki wa ngege, nimeweka gunia chini ya wufa, hatua moja kutoka ukutani. Sinema ilianza, na kila neno lilifika. "Hii sasa ndiyo wufa," akasema, akanyoosha miguu. Nilikaa karibu naye, bega kwa bega. Dakika ishirini, labda ishirini na tano.

Kisha hodi. Seline na kiti chake, nyuma yake Mathews na karatasi ya njugu.

"Tumesikia inaongea vizuri, tukasema leo tuwatembelee."

Ningesema nini? Wakakaa. Kwenye sinema msichana mmoja alikuwa akichota maji mtoni huku mtu mbaya anamnyemelea. Seline akamwelekezea kidole. "Wewe dada, geuka! Unachota maji ama unachota kifo? Mathews, muone vile anajitengeneza nywele! Atakufa akiwa smati!"

Oduor akacheka. Kile kile, cha tumboni, ndani ya nyumba yangu, juu ya kiti changu. Nikamtazama Seline vizuri. Hakuwa hata amemtazama Oduor. Alikuwa anamwonea yule msichana huruma kweli.

Nikangoja nafasi. Msichana alipoingia kwenye nyumba mbovu isiyo na taa, nikamwahi Seline. "Ondoka humo!" nikapiga kelele. "Hiyo nyumba hata kodi ya mia tano haifai!"

Seline alicheka mpaka akamwaga njugu. Mathews pia alicheka.

Oduor alinigeukia. "Nyar Bungoma," akasema, "nyamaza kidogo, tusikie."

Alikaa hadi sinema ikaisha. Na Seline pia.