Foronya ya Uzi Mwekundu

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima ametutaka kila mtu aandike habari ya maisha yake, ili na mwingine aisome. Nilimwambia maisha yangu ni mvuke na magunia, na mvuke hausomeki. Akasema, "Bibi, andika ile ya foronya." Huu mdomo wangu! Jambo nililomnong'oneza tukingoja mvua ipungue, leo natakiwa kulitolea wino, na vidole vyenyewe havikunjiki. Lakini nikikataa atadhani siwezi. Basi.

Nilikuwa dobi. Miaka thelathini na mmoja nilisimama kwenye jengo moja nyuma ya bandari, jengo lisilo na dirisha ila tundu la kutolea mvuke. Tulifua nguo za meli za watalii, zile zinazozunguka na watu wiki nzima zikawarudisha pale pale zilipowachukua. Meli ikitia nanga inashusha magunia ya mashuka, taulo na foronya za mito, na jioni inayataka yote yamenyooka. Ukikaa chini, umefukuzwa. Miguu yangu ilianza kuvimba mwaka wa nne na haijawahi kurudi ilivyokuwa.

Kampuni zilikuwa tatu. Kila moja ilishona jina lake kwenye pindo la nguo zake kwa uzi wake: buluu, kijani, nyekundu. Majina yake sikuyajua kwa sababu sikujua kusoma, wala sikuona haja. Wanasema siri ya maiti aijuaye mwosha. Basi na siri ya abiria aijuaye dobi.

Uzi wa buluu ni wa watu wenye watoto: chokoleti, kalamu za rangi, na shuka lililokojolewa, hata ukilifua mara tatu bado linanuka. Uzi wa kijani ni wa vijana. Taulo zimejaa rangi ya midomo, shuka linanuka pombe na lina alama za viatu. Za viatu, nasema! Shuka lile halikulaliwa, lilikanyagwa. Uzi mwekundu ni wa wazee. Magunia yao yalinuka dawa ya kuchua, na ndani ungeokota miwani, na siku moja meno. Lakini ukilikunjua shuka lao unaona kabisa kwamba hapa mtu alilala, akageuka upande mmoja, akalala tena. Nilikuwa nikiyapiga mashuka yao pasi kwa wivu.

Siku miguu iliponigomea nikaacha kazi, msimamizi alinipa foronya moja ya uzi mwekundu iliyochanika ubavuni, isiyofaa tena kurudi melini. Niliishona. Nyeupe, nzito, na pindoni ina maneno yaliyotariziwa kwa uzi ule ule, mazuri kama mchoro. Sikuilalia. Niliivalisha mto wa wageni, maneno yakitazama juu, ili mtu ajue amefika kwa nani.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Nimemlea mwenyewe. Ni mkunga, na zamu yake ni ya usiku. Alipoolewa, mumewe akahamia kwetu, maana vyumba viwili vyatosha watu wanaopendana. Mume ni fundi wa lifti, anashinda ndani ya mashimo ya maghorofa. Basi asubuhi mmoja anaingia mwingine anatoka, jioni vivyo hivyo. Wanapishana mlangoni kama walinzi. Fungate hawakuwahi kula, kwa sababu hospitali ilisema ngoja na wakubwa wa lifti wakasema ngoja.

Walikuwa wakiandikiana vikaratasi na kuvibandika kwenye friji. Sikuweza kuvisoma, lakini kuviona niliviona. Mwezi wa kwanza vilikuwa vimejaa mpaka pembeni, mwandiko unapanda kingo za karatasi. Mwezi wa nne mistari miwili. Mwezi wa tisa, neno moja. Siku nyingine karatasi ilikuwa ile ile ya jana.

Asubuhi moja mjukuu wangu alirudi kazini, akakaa jikoni na viatu vyake mguuni.

"Bibi," akasema, "sijui kama nina mume au nina mpangaji mwenzangu."

"Usiseme hivyo."

"Jana nilijaribu kuikumbuka sauti yake. Ikanibidi nifikiri."

Nilimwaga chai yangu yote. Nimeona ndoa zikivunjika kwa kelele na zikapona. Za kimya sijaona iliyopona.

Haukupita muda mrefu wakapata likizo wiki moja, wote wawili, wiki ile ile. Nyingine kama hiyo ingekuja baada ya mwaka, na mwaka mimi niliuona mrefu kuliko ndoa yenyewe. Wakaamua watapanda meli. Wakala wa safari akaja nyumbani Jumamosi alasiri na vijitabu vyenye picha, kijana nadhifu, anatabasamu hata anapopiga chafya.

"Kwa wapenzi vijana kama ninyi," akasema, "ni hii tu. Mabwawa matatu ya kuogelea, muziki hadi alfajiri, kila siku mchezo mpya. Hamtapata hata nafasi ya kulala!"

Mjukuu wangu akaitikia kwa kichwa, macho yamefunguka lakini hayupo. Mumewe alikuwa ameegemeza shavu juu ya picha ya bwawa, anakoroma polepole.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa changu. "Hiyo ya muziki, uzi wake wa rangi gani?"

"Uzi, Bibi?"

"Pindoni. Ni kijani?"

Wakala akacheka. "Bibi yangu, meli haishonwi, inachomelewa."

"Nakuuliza shuka, unanijibu bati! Wajukuu zangu hawaendi kwenye uzi wa kijani. Wapeleke kwenye mwekundu, ile ya wazee."

"Bibi!" Mjukuu wangu akazinduka. "Tumechoka, hatujazeeka. Wenzangu kazini wataniomba picha, niwaonyeshe nimekaa na watu wa fimbo?"

"Picha hailaliwi."

"Wiki moja tu ninayo. Moja! Nikiiharibu?"

"Ndiyo maana nasema."

Wakala akaingilia, kwa adabu. "Bibi, zile ni za wastaafu. Watu wanacheza karata. Saa tatu usiku taa zimezimwa na mtu haruhusiwi kupiga kelele ukumbini."

Mkwe wangu akainua kichwa, alama ya kijitabu shavuni. "Saa tatu? Zinazimwa kweli?"

"Wewe lala," mkewe akamwambia. Kisha akanigeukia. "Bibi, nakuheshimu, lakini wewe umefua nguo za meli, hujapanda meli."

Nilikunja kitambaa changu. Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Wakala, kunituliza tu, akasema kampuni za wazee anazo nne, basi nimtajie jina.

"Jina sina. Uzi ninao," nikamwambia, nikaenda kuvua foronya kwenye mto wa wageni.

Niliitandaza mezani juu ya vijitabu vyake, pindo mbele. Mjukuu wangu akasoma, akasoma tena. Mumewe akasoma, akaufunika mdomo. Wakala akakohoa, akaanza kuchunguza dari yangu kama mtu anayetaka kuinunua.

"Haya, someni! Si jina hilo?"

"Bibi," mjukuu wangu akasema polepole, "jina lipo. Liko mwishoni."

"Na mwanzoni?"

"Ni lugha ya kigeni."

"Wewe si ulisomeshwa hiyo lugha ya kigeni? Nani alikupeleka shule?"

Akavuta pumzi. "Imeandikwa, 'Imeibwa kutoka.' Halafu jina la kampuni. Huandika hivyo ili abiria asizibebe."



Miaka sita! Miaka sita nimewalaza watu juu ya neno hilo na kulielekeza usoni mwao. Nilianza kuwahesabu wageni, na hesabu ikanifikisha kwa yule ambaye sikutaka kumfikia.

"Mama yako," nikamwambia mkwe wangu. "Siku tatu kabla ya harusi alilala hapa."

"Alilala, Bibi."

"Alisema nini?"

"Bibi, tuyaache."

"Nimekuuliza alisema nini!"

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Alisema, 'Mwanangu, mke umepata, sina neno. Ila ukihamia kwao, funga saa yako vizuri mkononi.'"

Mjukuu wangu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamwinamisha juu ya meza. Mumewe akafuata. Akamshika mkono ajizuie, wakashikana, wakacheka mpaka machozi. "Ndiyo maana... ndiyo maana hukuivua saa hata bafuni!" mjukuu wangu akasema, na mumewe akashindwa kujibu. Wakala naye akacheka, mshenzi yule.

Mimi sikucheka. Mimi niliona mikono. Tangu harusi sikuwa nimewaona wameshikana mikono.

Alipoweza kusema, mjukuu wangu alipangusa macho kwa ncha ya foronya. "Haya," akamwambia wakala, "tuandikie kwenye hiyo tuliyoiibia. Ya taa kuzimwa saa tatu."

"Mna hakika? Mtakuwa vijana peke yenu."

"Kaka," mumewe akasema, "mimi nimeamka saa kumi na moja kila siku mwaka mzima. Nani amekwambia ni kijana?"

Wakaenda. Wakarudi siku ya nane, wamenenepa kidogo usoni. Nilimkalisha mjukuu wangu jikoni, nikataka habari.

"Siku mbili tulilala," akasema. "Chakula kilitupita, Bibi. Mhudumu alidhani tumekufa."

"Ya tatu?"

"Tuligombana. Yote ya miezi tisa, tukagombana kwa kunong'ona, maana majirani wamelala."

"Na ya nne?"

"Ya nne haina ripoti, Bibi."

"Na mashuka?"

"Mashuka yamelaliwa." Akainuka akaoshe vikombe.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Zamu ni zile zile. Bado wanapishana mlangoni, bado anakaa jikoni na viatu mguuni, na mimi miguu yangu ni ile ile. Tumechoka nyumba nzima. Ila mwandiko wa vikaratasi umeanza tena kupanda kingoni.

Mimi nilikuja kisomoni wiki ile ile waliyosafiri. Watu husema nilikuja kwa kupenda elimu. Nilikuja kwa hasira. Nilichukua sindano nikafumua yale maneno mawili ya mwanzo, nikaacha jina, lakini matundu ya sindano hayafichiki, ukiinua kwenye mwanga bado yanasema. Foronya sasa nailalia mwenyewe. Ni nzuri kweli.

Na juzi nimesoma karatasi yangu ya kwanza, peke yangu, kwa kidole, kwenye friji. Iliandikwa: "Chai yako iko kwenye chupa. Usimwambie Bibi sukari nimemaliza mimi." Sijamwambia mtu kwamba nimeisoma. Sukari mpya nimeificha.

Basi nimeandika, na sasa ni zamu yako. Wageni kumi na mmoja walilala juu ya neno lile, wote wana macho, wote wamesoma shule, na hata mmoja hakufungua mdomo. Walidhani wananistahi. Wewe uliyefika mpaka hapa kumbe kusoma unajua, huna pa kujificha. Yupo mtu karibu yako asiyejua kusoma. Nenda kwake leo, angalia kilichoandikwa kwenye fulana yake, kwenye kopo lake la dawa, kwenye mto wake, umwambie. Hata kikiwa cha aibu. Akikutukana, mvumilie mpaka amalize, kisha umsomee tena.