Koromeo la Minisita

Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024. Joto tangu asubuhi, anga limefunikwa na utando wa vumbi, na upepo wa ziwa umelala. Usiku ulikuwa wa giza, kwa hiyo wavuvi wa taa walileta samaki wengi. Moshi wa tanuru la Mama Olga, mbanika samaki wa mtaa wa Kataki, ulijaa uani na haukuondoka.

Hapo Minisita akaanza tena kukohoa. Alikuwa mbwa mdogo mweupe, mwenye miguu mifupi. Mzungu ambaye Mama Olga alimpikia zamani ndiye aliyemwachia mbwa huyo, siku shirika lake lilipofunga ofisi. Majirani ndio waliompa jina hilo, yaani waziri, kwa sababu alifika amelala juu ya mto wa kitandani kama mkubwa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, kama bata anayekabwa.

Mama Olga hakuwa na shaka: ni mwiba wa samaki. Kwao mwiba ukikwama, mtu humeza tonge la bukari, ule ugali wao, bila kutafuna, liusukume. Wiki hiyo alikuwa amekwisha kumpa mbwa matonge mawili. Akafinyanga la tatu, kubwa zaidi, akalisukuma kwa kidole.

Ulimi wa Minisita ukawa buluu. Mama Olga akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni mpaka tonge likaanguka. Kisha akamfunga ndani ya kitenge, akapanda pikipiki hadi kwa Dokta Patrice, daktari wa mifugo anayekagua mbuzi bandarini.

Dokta alimbonyeza mbwa kooni kwa vidole viwili tu, na kikohozi cha bata kikalia.

"Mama, hakuna mwiba humu. Unajua bua la jani la papai, lile watoto wanapuliza? Likinyauka, linalala bapa, pumzi haipite. Koo yake njo iko vile."

"Dawa?"

"Sirop ya kumutuliza. Kumupasua, hapa hapana, na sijue ni wapi. Usimufunge kamba shingoni. Asinenepe, asikae kwa joto." Akanusa kitenge. "Na moshi njo itamumaliza. Unafanya kazi gani, Mama?"

"Ninabanika samaki."

Dokta akafunga mfuko wake polepole.

Mchana huohuo Mama Olga alimpeleka Minisita kilimani, kwa Papa Germain, kaka wa marehemu mume wake, mstaafu wa reli. Huko hewa ilikuwa safi.

"Ee, Minisita anahamia mulimani!" Papa Germain alicheka. "Na walinzi wake wako wapi?"

"Shemeji, usicheke. Usimufunge kamba."

"Nimufunge minisita? Nitamupigia saluti."

Kabla jua halijazama, Papa Germain alishuka kwa miguu hadi kwa Mama Olga, Minisita ndani ya kikapu, bila mzaha wowote. Alisema mbwa alichimba chini ya lango mpaka akatoka, akakimbilia barabara ya pikipiki. Alipomkamata, hofu ikamzidi, akamfunga kamba shingoni.

"Akavuta, akavuta, mpaka akaanguka. Nilifikiri amenifia. Mama Olga, huyu hatafute hewa. Anakutafuta weye."

"Akikaa kwangu atakufa, shemeji."

"Na kwangu vilevile."

Akaweka kikapu chini. 

Asubuhi iliyofuata beseni za samaki zilifika mlangoni kama kawaida. Mama Olga alizitazama kitambo. Samaki wale wasingefika jioni bila kuoza, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akawasha kuni.

Minisita akatoka ndani hatua kwa hatua, akajilaza kando ya mguu wake, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka. Mama Olga alihamisha kigoda upande wa pili wa tanuru, mbwa akamfuata. Akakihamisha tena, akafuatwa tena. Upepo haukuja. Basi akakaa, akawa anageuza samaki kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anampepea mbwa kwa mfuniko wa sufuria, huku akisikiliza kama pumzi bado inapita.